Vipimo vya Mama Mdogo

4 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa miguu ya mama ambayo nitaieleza hapo chini. Simu yako bado haipatikani, na mama anasema simu iliyoingia maji haiponi, kwa hiyo mimi ndiye nimepewa kazi ya kuandika. Sijachukia. Unajua kwenye simu huwa nabaki kupumua tu mpaka mtu anadhani laini imekatika.

Nimemaliza shule. Matokeo bado. Kwa sasa nakaa na mama kwenye chumba cha kushonea, napachika vifungo na kukunja pindo. Wateja wakiingia najificha nyuma ya lile pazia la kujaribia nguo. Juzi mteja mmoja alifungua pazia ili avue gauni lake, akanikuta nimesimama mle ndani kama mwizi. Alipiga kelele! Mama alicheka mpaka akaenda chini, halafu akashindwa kuinuka. Tulimwinua mimi na yule mteja, naye alikuwa amevaa nusu.

Ndiyo habari ya miguu. Imevimba, na daktari wa kliniki alimwambia mbele yangu kwamba uzito umezidi, presha iko juu, na asipopungua atapata kiharusi. Pia amemkataza safari ndefu. Anasema akikaa kwenye basi kutwa nzima na miguu ile, damu inaweza kuganda na asifike.

Sasa jambo lenyewe. Picha uliyotuma tumeipata. Nilidhani mama atafurahi. Aliishika, akaisogeza dirishani, akaifuata kwa kidole mshono kwa mshono. Halafu akasema, "Gauni hili nimelishona mimi. Mbona mabega yameanguka?" Tangu hapo haimbi akishona.

Jana alinieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Bibi alipougua, mama alikuwa na mimba yangu, na ninyi mlimficha mpaka akaja kukuta kaburi. Alisema, "Wakinificha na huyu, sitawasamehe. Akiwa anaumwa nakwenda, hata kwa kutambaa."

Mama mdogo, akienda na hali ile anaweza kufia njiani. Asipokwenda na wewe unaumwa, sijui. Kwa hiyo nakuuliza mimi, kwa heshima: je, unaumwa? Niambie kweli tu.

Mwanao,
Kimya (au siku hizi huniiti hivyo?)


1 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba, tena marahaba kubwa, msomi wangu uliyemaliza. Nitakuita Kimya mpaka nikuozeshe, na siku hiyo nitakukanyaga mguu ili ujibu padri au shehe.

Huku kazi ni ile ile. Mashuka yanakuja kwenye mikokoteni, hoteli nzima imelala juu yake, na sisi tunayapiga pasi mpaka mvuke unatuotesha ukungu masikioni. Mwenzangu wa pasi, unakumbuka nilikuambia anavyokoroma, anakusalimia. Tunakunja shuka wawili wawili, mmoja kila upande, kama tunacheza dansi la wachumba.

Mwambie dada anipishe na mawazo yake. Siumwi. Mimi mzima kama chuma cha pasi. Nimepungua kwa makusudi! Kuna ulaji umeingia huku, wanauita ulaji wa watu wa kale. Unakula kile tu walichokula watu kabla hawajajua jembe: nyama, samaki, mayai, majani, matunda, karanga. Mkate hapana, wali hapana, maharage hapana, maziwa hapana, na sukari ndiyo usiitaje kabisa. Mwili unayeyuka wenyewe. Ndiyo maana mabega yameanguka. Yeye badala ya kunililia, angejaribu na yeye, maana tangu tukiwa watoto alikuwa anakula sahani yake na kunisaidia yangu.

Asitoke huko. Akae na miguu yake juu ya kigoda. Na wewe toka nyuma ya pazia.

Mama yako mdogo


20 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imetufanya tucheke mara tatu, halafu mama akaisoma tena peke yake. Sijui kama ameamini. Lakini alisema, "Haya. Kama mdogo wangu ameweza, mimi nashindwa nini?" Tumeanza!

Mimi ndiye msimamizi. Nilikwenda maktaba kusoma zaidi ili nisimkosee. Nimemuuliza na nesi wa kliniki, akasema nyama isiwe ya mafuta, chumvi ipungue, na vidonge vya presha asiviache hata siku moja bila daktari kusema. Unga wote nimempa jirani. Sukari nimempa jirani. Jirani anatupenda sana siku hizi.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kichwa kilimuuma mama kama kimefungwa kamba, na hasira zake ukimgusa umekwisha. Alikaa mbele ya samaki na majani akasema, "Hao watu wa kale wako wapi sasa? Walikufa wote. Hakuna hata mmoja aliyebaki kunithibitishia kwamba ulaji huu unafaa." Nikamwambia walikuwa wanatembea sana. Akasema, "Walikuwa wanakimbizwa na simba. Mimi nakimbizwa na wateja, na nimekaa." Lakini jioni alivaa viatu, tukatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, amenishika bega.

Kazi ngumu kwangu ni buchani. Muuza nyama ananiona nimesimama pembeni, sisemi, watu wote wananipita. Siku moja alipaza sauti, "Binti, umekuja kununua nyama au kuiombea?" Watu wakacheka. Nilitaka kukimbia. Lakini nilimfikiria mama, nikasema, "Nusu kilo, isiyo na mafuta." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Nina maswali. Wewe kichwa kilikuuma mpaka lini? Viazi vitamu unakula? Nimesoma kwamba karanga ni jamii ya maharage, kwa hiyo haziruhusiwi, ila korosho sawa. Wewe umeandika karanga. Umekuwa ukizila muda wote?

Na mama anaomba vipimo vyako vipya. Anataka kukushonea gauni la mwili wako mpya. Anasema hawezi kuvumilia yale mabega.

Mwanao,
Kimya


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe nimechelewa, kazi zilituzidi. Ukiona wino umebadilika katikati, ujue barua hii nimeiandika vipande vipande.

Kichwa hakikuniuma. Viazi, ndiyo, nadhani. Karanga, fuata ulivyosoma wewe, mimi macho yangu na kitabu hayapatani. Usinifuate mimi kwenye kila kitu.

Hayo ya nesi umefanya vizuri. Usimwachie dada aache vidonge kwa sababu ya maneno yangu. Mimi si daktari. Unanisikia? Kama kuna siku anajisikia vibaya mpe wali, mpe mkate, mpe chochote.

Hivi kweli amepungua? Niambie anavyotembea. Niambie kila kitu, hata kama ni upuuzi. Nimefurahi na huyo muuza nyama. Siku nyingine mjibu kwamba unaiombea isife mara ya pili.

Mwenzangu wa pasi anasubiri bahasha aipeleke posta, naishia hapa.

Mama yako mdogo


30 Mei

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na safari hii naandika hatujambo kwa kweli.

Umesema nikuambie kila kitu. Mama anapanda ngazi za kliniki bila kusimama. Pete yake imelegea, ameifunga uzi isidondoke. Hajipimi kwenye mizani, anasema mizani haina adabu. Kila Jumapili anajipima kwa futi yake ya kushonea na ananitaka mimi nisome. Miguu imeshuka, vifundo vimeonekana. Alinyoosha mguu akasema, "Karibuni, wageni wangu." Siku hizi anaimba tena akishona, ingawa kwa kukosea maneno.

Daktari alimpima presha mara mbili kwa sababu hakuamini. Nilimweleza habari ya watu wa kale. Alisema, "Wa kale au wa leo, mimi sijali. Umeacha soda, umeacha unga mweupe, unakula majani na unatembea. Endelea." Amempunguzia kidonge kimoja.

Kisha mama akamuuliza kama sasa anaweza kusafiri. Daktari alifikiri, akasema akiendelea hivi, na akiwa anashuka kunyoosha miguu basi linaposimama, anaweza. Mama mdogo, ungeona uso wake! Anataka kuja kukuona mwishoni mwa mwaka. Anasema atakukumbatia na mikono yake itakutana mgongoni, maana zamani ilikuwa haifiki.

Yote haya ni kwa ajili yako. Nakushukuru sana. Usingetuandikia ile barua, sijui leo tungekuwa wapi.

Hukutuma vipimo. Mama anaulizia. Kitambaa ameshanunua, cha rangi ya kijani iliyoiva.

Mwanao,
Kimya


28 Juni

Kimya,

Dada asije.

Nimefurahi amepona miguu, nimefurahi mpaka nimelia. Lakini asije. Tunapoishi hawaruhusu wageni, chumba ni kimoja na sisi tuko wengi, na mimi zamu zangu zimebadilika, atakuja kukaa peke yake anaangalia ukuta. Mwakani nitakuja mimi. Mwambie hivyo. Mwambie mwakani.

Vipimo nimeviandika kwenye karatasi iliyomo humu. Ashone, atume kwa posta, gauni litafika bila yeye kulileta.

Usinishukuru tena. Sipendi.

Mama yako mdogo


15 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Huku tuko wazima. Nakuandikia bila mama kujua, na nitaipeleka posta mwenyewe leo.

Vipimo vyako vilifika. Nilimwambia mama kwamba umemkataza kuja. Alitandika kitambaa mezani, akashika chaki, akakata. Unajua mama akikata hazungumzi. Kifua, kiuno, nyonga. Alipofika kwenye mikono alisimama na mkasi hewani.

Akaniambia, "Kimya, nitolee pateni yake."

Mama anatunza pateni, karatasi zilizokatwa kwa vipimo, za watu wake wote, zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamletea yako. Akaweka mkono mpya juu ya mkono wa zamani. Mpya ulikuwa mfupi. Akapima kutoka begani mpaka kiunoni. Pafupi. Hata kutoka shingoni mpaka kwenye ncha ya bega, pamepungua.

"Mtu akikonda," akaniuliza, "mkono wake unafupika?"

"Hapana, mama."

"Mgongo wake unafupika?"

"Hapana."

Akaweka mkasi chini. "Basi huyu hajajipima. Amechukua vipimo vyake vya zamani akatoa kidogo kila mahali, sawasawa, kama mtu anayepunguza chumvi kwenye mchuzi. Katoa na kwenye mifupa. Mwanamke aliyepungua kwa kutaka hujipima kila siku, kama mimi mjinga ninavyojipima. Huyu ameiogopa futi."

Nilijaribu kukutetea. Nilisema labda ulikosea. Mama alisema, "Nimemfundisha mwenyewe kupima, akiwa mdogo kuliko wewe. Hawezi kukosea hivi ila kwa kudanganya." Hakupaza sauti. Alichukua kiti akakaa, akatazama nje. Akasema, "Naye nimemwamini, Kimya, kwa sababu nilitaka kumwamini."

Kesho yake alikwenda kukata tiketi. Anaondoka wiki ijayo. Sikumzuia. Nitamfungia mayai ya kuchemsha na matunda ya njiani, na nimemwandikia kwenye karatasi ya daftari mahali basi linaposimama, ashuke anyooshe miguu.

Sijui kama barua hii itamtangulia. Nakuandikia ili usishtuke. Na nakuuliza tena lile swali la mwezi wa pili. Sasa huna haja ya kuogopa miguu ya mama. Unaumwa?

Mwanao,
Kimya


18 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kabla hujaniamkia. Barua ya mwisho niliyo nayo ni ile ya mwezi wa tano, ya vifundo vya dada kuonekana. Naisoma kila asubuhi kabla mwenzangu wa pasi hajaamka kunigeuza.

Kaa chini. Soma ukiwa peke yako.

Naumwa, Kimya. Ni uvimbe tumboni. Walinifungua mwezi wa kwanza, wakaangalia, wakanifunga tena hivyo hivyo, ulikuwa umeshafika kwenye ini. Ile picha nilipigwa siku niliyotoka wodini, nikasema nitume nikiwa bado natamanika. Simu haikuingia maji. Niliizima, kwa sababu dada angesikia pumzi yangu angejua. Nilipokuandikia kwamba mimi mzima kama chuma cha pasi, nilikuwa nimerudishwa wodini, naandika juu ya sinia la chakula ambacho sikukila. Kazini sijafika tangu wakati huo. Mwenzangu wa pasi amenichukua chumbani kwake na ananilea kama kifaranga. Anakoroma kweli, hilo sikudanganya.

Ule ulaji niliusoma kwenye gazeti kuukuu, kwenye benchi, nikisubiri kuitwa kupewa majibu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanwa, ndiyo maana sikujua habari za karanga. Swali lako liliponifikia nilitafuta uongo wa haraka wa kumfanya dada akae nyumbani, nikakumbuka gazeti. Sijawahi kula hivyo hata siku moja. Nyama siwezi hata kuinusa. Nakula uji, vijiko viwili, cha tatu kinarudi.

Halafu wewe ukaniandikia kwamba mmeanza. Niliogopa. Nikasema nimemuua dada kwa maneno ya gazeti. Ukaniandikia amepungua, ukaniandikia anaimba. Mwanangu, nilikuwa nalala hapa nacheka mwenyewe, mpaka mwenzangu akadhani dawa zimenipanda kichwani. Kitu pekee nilichokifanya vizuri mwaka huu nimekifanya kwa uongo.

Sasa nakuomba. Wewe ndiye Kimya wangu, hujawahi kutoa siri ya mtu. Usimwambie. Mwache aendelee kupona. Ikifika siku, mwenzangu wa pasi ataandika, na yote yatakuwa yamekwisha, na dada hatakuwa ameniona hivi. Nilimwona mama yetu mwishoni. Sitaki dada naye aone kitu kile, tena usoni kwangu, nami nafanana naye.

Najua ni mzigo. Sina mwingine wa kumtwika.

Mama yako mdogo


2 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo.

Barua yako imefika jana. Mama hayupo. Aliondoka siku tisa zilizopita, kwa hiyo hakuna siri ya kutunza, na nashukuru Mungu kwamba posta ni wazembe.

Nimeandika barua hii mara kadhaa nikachana. Zile nilizochana zilikuwa na adabu zaidi. Nisamehe.

Umenichagua mimi kwa sababu sisemi. Kila mtu huwa anafanya hivyo. Mtu asiyesema anapewa vitu vya kubeba, kwa sababu anaonekana ana nafasi. Lakini nisingeitunza, mama mdogo. Nataka ujue hilo. Ningeisoma, ningekwenda mezani kwa mama ningemwambia, hata kama sauti ingekataa kutoka ningempa barua aisome mwenyewe. Umesema hukutaka aone ulichoona wewe kwa bibi. Lakini mama hakuona kitu chochote kwa bibi. Aliona udongo. Ndicho kinachomuuma mpaka leo. Wewe ulipata kumshika mkono, yeye hakupata, halafu ukataka kumfanyia tena.

Nimeyaandika hayo, na sichani.

Nimekuwa nikizisoma barua zangu zote kichwani. Nilikuuliza kuhusu viazi. Nilikuandikia habari za nusu kilo ya nyama isiyo na mafuta, na wewe unarudisha kijiko cha tatu. Nikakushukuru. Ulisema nisikushukuru tena, nikadhani umekasirika. Najisikia kama niliyekuwa nakula mbele ya mtu mwenye njaa, namsimulia utamu.

Chumba cha kushonea nimekifungua mwenyewe. Pazia nimelifunga na kamba pembeni. Wateja wanakuja, nawaambia fundi amekwenda kumuuguza mdogo wake. Nalisema hivyo hivyo, kwa sauti. Muuza nyama alikuja na suruali ya kupunguzwa mguu, akasema, "Kumbe una ulimi!" Nikamwambia, "Nilikuwa nautunza." Hakucheka, kwa sababu nilikuwa nalia.

Kama mama amefika, msalimie. Mwambie nakula. Simu yake haipatikani tangu avuke mlima, na sijui kama miguu ilimfikisha.

Nakupenda. Bado nimekasirika.

Mwanao


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni wa mama yako, maneno ni yangu. Mkono wangu umekuwa mvivu. Nimempa kalamu kwa sharti kwamba asinibishie, na tayari amenibishia mara mbili.

Alifika. Miguu ilimfikisha. Barua yako ya mwezi wa saba haikumtangulia, ilikuja siku nne nyuma yake. Nilikuwa nimelala, nikasikia hatua kwenye ngazi, nyepesi, moja baada ya nyingine bila kupumzika, nikasema moyoni hizo si za mtu ninayemjua. Mlango ukafunguka. Akasimama mwanamke mwembamba na begi. Nikamwambia, "Karibu mama, unamtafuta nani?"

Akasema, "Namtafuta mwongo mmoja."

Kimya, nilimjua kwa sauti! Nikaanza kucheka na kucheka kunaniuma, yeye akaja akapiga magoti kitandani, akanikumbatia, na mikono yake ikakutana mgongoni kwangu na kuzidi, ikanizunguka ikabaki. Nilisikia anavyonihesabu mbavu kwa vidole, fundi haachi. Nikamwambia, "Dada, umepungua." Akasema, "Na wewe umepungua." Tukawa hapo, wapumbavu wawili.

Ananiosha. Ananigeuza. Ananitukana taratibu wakati ananigeuza. Usiku wa kwanza nilimwomba msamaha kwa habari ya mama yetu, na yangu. Alisema atanisamehe nikimaliza uji. Sikuweza kuumaliza. Akanisamehe hivyo hivyo.

Barua yako ya tarehe mbili tumeisoma pamoja. Yeye alitaka kukugombeza kwa kunijibu vile mimi mkubwa wako. Nimemkataza. Nimemwambia huyo mtoto ndiye mtu mzima peke yake katika ukoo huu. Lakini hilo la kula mbele ya mwenye njaa, liondoe kichwani. Zile barua zako ndizo nilizokuwa nakula.

Daktari wa huku amekuja juzi, akasema

*Mimi mama yako naandika hapa. Alichosema daktari sikiandiki. Mdogo wangu amenitajia pia mambo ya shuka gani na nguo gani avikwe siku hiyo, na hayo siyaandiki.*

Umeona? Nilikuambia atanibishia. Sasa ametoka kwenda kuchota maji na ndoo imejaa. Anadhani nikifumba macho simsikii akilia. Nimeichukua kalamu mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Nilikwambia dada asije. Nilikwambia usiseme. Sitaki tena neno "usi".

Funga chumba cha kushonea. Muuza nyama atakuonyesha stendi. Ukishindwa kuuliza njia, uliza hivyo hivyo na sauti mbaya.

Acha barua, posta inachelewa. Njoo.